Bandari Yetu Haina Kiingilio

Waingereza wana kipaji kimoja ambacho sisi watu wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, tulinyimwa: wanajua kutoza kiingilio. Mpe Mwingereza mashua iliyooza, ataijengea nyumba, nyumba ataitia mlango, na mlangoni ataketisha msichana wa kukata tikiti. Mpe mtu wa Karungu mashua hiyohiyo, kesho mbao zake utazikuta chini ya sufuria ya ugali.

Nayasema haya kwa sababu ya mpwa wangu. Kijana huyu alikwenda Uingereza kutunza wazee wa watu, akaangukia Portsmouth, bandari kongwe ya jeshi la majini kule kusini. Mwanzoni alitutumia picha za theluji kama watoto wote waendao Ulaya. Siku hizi anatutumia mji wenyewe. Jumapili tukitoka kanisani simu inalia, na kabla sijamuuliza hali, kamera imeshageuzwa inaonyesha nanga, mizinga na vibao. Hasa vibao. Ukimsikiliza utadhani mji ule hauna ukuta usioeleza nani alilala hapa, nani alikunywa hapa, na nani alipandia meli hapa akaenda kufa.

"Nera," ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ni kaka ya mama yake, "ona hii meli. Inaitwa Mary Rose. Ilizama 1545, Mfalme Henry wa Nane mwenyewe akiwa nchi kavu anaitazama."

"Poleni sana," nikamjibu.

"Wakaja kuitoa 1982. Imebaki kama nusu hivi. Wameijengea makumbusho yake."

Sasa tazama mambo hayo. Meli imezama mbele ya macho ya mwenye meli. Imekaa kwenye matope zaidi ya miaka 400. Imetoka nusu. Na watu wenye akili timamu wanapanga foleni na kulipa ili waione hiyo nusu! Hapa Sori, ufuoni kwetu, mashua ikizama na omena wake, yaani dagaa wa ziwani, tunapiga mayowe, tunaivuta nje, mbao nzima zinarudi kwa fundi, mbovu zinakwenda jikoni, na mwezi ukiisha hakuna anayekumbuka ilipakwa rangi gani. Sisi tukipata hasara, tunaipata kamili.

Jumapili nyingine ikawa zamu ya Victory, meli ya Amiri Nelson, yule aliyepigwa risasi 1805 akiwapiga Wafaransa na Wahispania. Meli ipo, imekaa kwenye gati kavu tangu 1922, na juu ya sitaha pale Nelson alipoangukia wamepigilia kibao cha shaba. Baadaye ikafuata nyumba aliyozaliwa mwandishi Charles Dickens mwaka 1812. Familia yake ilihama mji huo yeye akiwa mtoto mdogo kabisa. Riwaya zake aliziandikia kwingine, na akafia kwingine mwaka 1870. Haidhuru, Portsmouth wameing'ang'ania nyumba, na humo ndani wameweka hadi kochi alilofia, wakalileta kutoka huko alikofia. Angekuwa mtu wetu huyo, swali la kwanza msibani lingekuwa moja: je, alijenga nyumbani?

Haya yote niliyavumilia. Lililonitoa kwenye kiti ni swali la kijana mwenyewe, alilouliza bila ubaya wowote, huku anakula viazi: "Kwani Nera, kwetu Karungu kuna nini?"

Kuna nini! Mtoto aliyekulia juu ya historia akiikalia kama mkeka, leo ananiuliza kuna nini. Nikamwambia kata hiyo simu nikuandikie. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake, kwamba wako wengi wanaopita hapa wakanunua samaki na kuondoka bila hata kutazama huku na huku, naandika hapa ili msome wote.

Kwanza, Karungu ilikuwa makao makuu. Mwaka 1903 Waingereza walipotaka kuitawala nchi yote waliyoiita Kavirondo Kusini, ambayo leo ni Migori, Homa Bay, Kisii na Nyamira, hawakwenda Homa Bay, wala Kisii, wala Migori mjini. Walikuja hapa, kwenye ghuba hii. Reli ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901, na kutoka Kisumu kuja huku njia ya maana ilikuwa maji. Meli kama Winifred ziliundwa Uskoti, zikafumuliwa vipande vipande, vipande vikaletwa Mombasa, vikapakiwa kwenye gari moshi, vikaja kuunganishwa upya Kisumu. Meli zilizokuja kwa vipande zikatuletea watawala wazimawazima.

Ina maana Mgusii aliyekuwa na shauri la serikali ilimbidi ateremke milima yake hadi kwetu, avumilie jua letu na mbu wetu. Jambo hili namkumbusha rafiki yangu muuza ndizi kutoka Kisii kila siku ya soko, kwa sababu mwaka 1907 makao makuu yalihamishiwa kwao. Sisi hatukuulizwa. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na maoni ya wananchi, hata baraza la kutuaga halikuitishwa. Kisii kulikuwa na baridi ya kumfaa Mzungu, na huku kandokando ya ziwa malale yalikuwa yanateketeza watu. Rafiki yangu anashikilia kwamba walikimbia joto na harufu ya samaki. Kuhusu joto simpingi.

Pili, tuna vita vya majini. Ndiyo, hapahapa. Septemba 1914, Vita Vikuu vina wiki chache tu tangu vianze Ulaya, Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini, wakaingia Karungu, na wengine wakapanda hadi Kisii. Winifred ikatumwa kutoka Kisumu ikiwa na askari. Kufika ghubani ikakuta adui keshatangulia, na yuko na tagi yenye silaha iitwayo Muansa. Mizinga ikalia. Na shujaa wetu akafanyaje? Akageuza, akarudi Kisumu. Siku chache baadaye akaja tena, safari hii akiwa na mwenzake, tagi Kavirondo, vifua mbele, na kukuta Wajerumani wameshaondoka kwa hiari yao. Ukitaka kuelewa pambano lile, kumbuka ugomvi wa makanga wawili stendi ya Migori: matusi mengi, mashati yamefunguliwa, halafu kila mmoja anarukia gari lake na kwenda zake.

Usicheke. Portsmouth wangekuwa na pambano kama lile, wangeliigiza kila kiangazi kwa baruti ya bandia, na watoto wangeuziwa aiskrimu. Sisi tunayo ghuba yenyewe, maji yenyewe, hata upepo uleule, lakini mtoto wa shule ya msingi ya hapa ukimuuliza habari za Winifred atakwambia ni dada wa kwaya.

Tatu, na hapa namtaka mpwa wangu asimame wima, tuna tembo. Simaanishi wale wanaokula mahindi ya watu huko kwingine. Wetu walikufa takriban miaka milioni 17 iliyopita. Mabonde ya udongo uliomomonyoka upande wa Nira na Kachuku yamejaa mifupa ya wanyama wa zama hizo, na mmoja wao alikuwa jamaa wa tembo ambaye pembe zake zilitoka kwenye taya la chini zikapinda kuelekea ardhini, kana kwamba Mungu alikuwa bado anajaribu. Mwaka 1911 wanasayansi wa London walimpa jina la Deinotherium hobleyi, kwa heshima ya Bwana Hobley, ofisa mkubwa wa kikoloni. Mnyama kafia kwetu, kazikwa kwetu, kachimbuliwa kwetu, jina kapewa la ofisa. Na ofisa mwingine, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kukusanya mifupa hiyo, inasimuliwa kwamba aliliwa na mamba. Mamba wa Karungu ndio waliokuwa idara yetu ya kwanza ya mambo ya kale.

Mwaka huohuo wa 1911 makumbusho ya Uingereza yalimtuma mwanajiolojia Felix Oswald aje kuchimba zaidi. Akachimba, akafunga masanduku, akarudi kwao, na mwaka 1915 akatoa kitabu kuhusu safari yake katika nchi ya malale. Mifupa ikaishia London. Mpwa wangu ananiambia makumbusho ya viumbe kule London hayatozi kiingilio. Asante sana! Yaani kitu pekee wanachokionyesha bure ni chetu, na mimi ili nikakione bure natakiwa viza, nauli ya ndege, taarifa ya benki na barua ya kuthibitisha kwamba nitarudi Karungu.

Baada ya hapo ziliendelea kuja meli za abiria na mizigo, zikiizunguka pwani ya ziwa bandari hadi bandari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, meli ziligawanywa kati ya nchi tatu, barabara zikachukua abiria, na bandari ndogo kama yetu zikaachiwa mashua na dua. Lakini hazikufa. Anayesema Karungu ni bandari ya zamani tu hajasimama kwenye ufuo wa Sori alfajiri.

Alfajiri ndipo mashua za omena zinaporudi. Usiku kucha zimekuwa huko nje na taa zao, zamani karabai, siku hizi za sola, hadi ukitazama kutoka nchi kavu unadhani kuna mji mwingine katikati ya ziwa, na mji huo una umeme wa uhakika kuliko wetu. Zinapogusa mchanga, kina mama wanaingia majini hadi kiunoni na ndoo. Kelele zinazopigwa hapo mgeni hudhani kuna aliyekufa maji. Hakuna. Ni bei inatafutwa. Kufika saa tatu ufuo mzima umetandikwa nyavu kuukuu na omena wanameremeta juani, kongoti wanatembea pembeni mikono nyuma kama wakaguzi wa shule, na kila mama ana jicho moja kwa kongoti na jingine kwa mawingu. Mvua ikinyesha, omena wa binadamu anakuwa omena wa kuku, na bei inafuata mlaji.

Mbuta, yaani sangara, ana mkondo wake. Anapimwa, anatiwa barafu, anapakiwa kwenye lori la kiwanda. Minofu inakwenda hata Ulaya, na kwetu unarudi mgongo wazi: kichwa, mifupa na masikitiko. Nilimuuliza mpwa wangu samaki anayekula kule na viazi ni samaki gani. Akasema hajui, ni mweupe tu. Mtoto wa Karungu, hajui samaki anayemla! Hapo ndipo nilipojua amepotea kweli.

Na vita vya majini kwetu havijaisha. Kutoka ufuo huu na ule wa Muhuru ndiko mashua zinakoondokea kwenda Migingo, jabali dogo kuliko uwanja wa mpira, limejaa mabati kutoka ukingo hadi ukingo. Kenya na Uganda zimeligombania tangu miaka ya 2000, na mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Kwa hiyo mvuvi wetu akiwa amekaa kitandani yuko Kenya, akinyoosha mguu yuko ng'ambo. Niambie Portsmouth kuna utalii wa namna hiyo.

Sijataja majirani. Humuhumu Nyatike, eneo letu, kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo na zikasimama karne kadhaa, hadi UNESCO wakaziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ukuta wa ofisi moja ninayoijua, uliojengwa kwa saruji na zabuni, haukumaliza mvua mbili. Kuna Macalder, kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu na shaba. Ukielekea Homa Bay kuna mbuga ya Ruma na wale swala wakubwa wanaoitwa korongo, ambao Kenya nzima wamebaki humo. Rusinga nako ndiko lilipo kaburi la Tom Mboya. Mtalii angekuwa na kazi ya wiki nzima, akirudi jioni anakula ngege na kutazama jua linavyozama ziwani. Sisi tunatazama magharibi. Jua tunapewa lote.

Tatizo letu ni moja. Hakuna mahali palipoandikwa.

Krismasi iliyopita walikuja wageni wawili kutoka Nairobi, mume na mke, watu wa heshima, gari lao safi hadi watoto wote wakalizunguka. Mama akanifuata: "Mzee, tumesikia hapa ni mahali pa kihistoria. Makumbusho iko wapi?"

"Mmesimama ndani yake," nikamwambia.

Akatazama chini, akasogeza kiatu, kwa sababu alikuwa amekanyaga matumbo ya mbuta. Nikaanza tangu mwanzo: makao makuu, Winifred, tembo. Nilikuwa nimefika kwenye mamba aliyekula ofisa, mume ameanza kurekodi kwa simu, ndipo mama akaniuliza kwa sauti ndogo choo kiko wapi. Choo kipo. Kina kufuli. Ufunguo uko kwa jamaa mmoja, na jamaa alikuwa amekwenda Migori. Karne nzima ya historia ikashindwa na ufunguo mmoja. Waliondoka wakiwa wamepiga picha tatu, na zote za kongoti.

Ndipo nikaenda kwenye ofisi fulani, ambayo sitaitaja kwa kuwa bado naitegemea kwa mambo mengine, nikaomba kibao. Kimoja. Ubao, rangi, na mistari minne ya maandishi nitakayoandika mwenyewe bila malipo, maana nimefundisha Kiswahili na Historia tangu chaki ikiwa bado chaki.

"Mwalimu," kijana wa ofisini akaniambia kwa adabu zote, "vibao ni kazi ya watu wa barabara."

Watu wa barabara wakasema vibao vyao ni vya kona na matuta, labda kama hiyo historia yangu ni kona. Wakanielekeza kwingine. Huko kwingine nikaambiwa niandike andiko la mradi, lenye malengo, bajeti na athari zinazotarajiwa. Nikaandika: lengo, kuweka kibao, bajeti, bei ya kibao, athari, watu watakisoma. Likarudishwa. Halina kina.

Miezi ikapita, nikaalikwa kwenye warsha ya kuutangaza utalii wa Karungu. Ilifanyika Kisumu, kwenye hoteli yenye viyoyozi, mahali ambapo hata ungepanda juu ya paa Karungu huioni. Tulipewa kalamu, daftari, fulana na mkoba. Mtaalamu kutoka Nairobi alitufundisha kwamba mwambao wetu una uwezo mkubwa ambao haujatumika, na sote tukaandika: uwezo mkubwa. Mchana tukala mbuta. Nilimuuliza mhudumu mbuta huyo katoka wapi, akasema labda Sori. Basi mimi na yule samaki ndio tuliokuwa wajumbe halisi wa Karungu, na angalau yeye hakulazimika kusikiliza mada ya mchana.

Nyumbani nilipomsimulia mama watoto, akaniuliza: "Na wewe kwa nini usichukue ubao ukaandika mwenyewe?" Nikamweleza kwamba mambo ya umma yana taratibu zake. Akasema hata kibao cha "Usikojoe Hapa" pale nyuma ya posho mill hakikuombewa kibali cha mtu, na watu wanakiheshimu. Nimelala na hoja hiyo, na sijapata jibu lake.

Hukumu yangu ni hii. Portsmouth haituzidi historia. Wao wana mfalme aliyetazama meli yake ikizama. Sisi tuna tembo waliokufa kabla hakujawa na mfalme popote. Wanatuzidi ubao na misumari, na wanatuzidi tabia ya kukiita kitu cha zamani mali badala ya kukiita kuni. Ninyi wa kaunti zote mbili, Migori na Homa Bay, msituletee uwanja wa ndege. Leteni kibao kimoja ghubani, kimoja Nira, choo kisicho na kufuli, na mtu mmoja wa kusimulia. Huyo wa mwisho mnaye tayari, na bei yake ni chai na mandazi.

Nawe msomaji, ukipanga kuja, usije kati ya Aprili na Julai, maana uvuvi wa omena hufungwa miezi hiyo ili samaki wazaliane, na ufuo unakuwa kama shule wakati wa likizo. Njoo Agosti. Lala Sori, amka saa kumi na moja, vaa viatu usivyovipenda. Na beba noti ndogondogo, kwa sababu ufuo huu tangu 1903 haujawahi kuwa na chenji.